Upepo umeezua bati, Kigamboni: nichukue fedha za bima au niache fundi wao aezeke?

Kisiwani_K
Wakuu habari za jioni. Upepo wa wiki iliyopita umeniezulia bati upande wote wa nyuma. Mvua ikaingia chumba cha watoto, jipsam yote chini. Nyumba ina bima. Kampuni imenipa njia mbili: nichukue milioni 4.2 tumalizane, au walete fundi wao aezeke. Fundi wangu kapiga hesabu milioni 9. Fomu wanataka niisaini Ijumaa. Nishaurini.

BintiPwani
Pole sana kaka, watoto wazima? Ila hapo hatuwezi kukushauri, mambo ya maana hujayaweka. Nyumba umeikatia bima ya shilingi ngapi? Hati inataja tufani au moto peke yake? Ina mkopo wa benki? Bati zina miaka mingapi?

FundiMbagala
Chukua hela mkuu, utafute fundi unayemjua. Fedha mkononi ndiyo bima.

Mzee wa Tabata
Naungana na fundi, na nitaeleza kwa nini. Mwaka juzi mti wa jirani uliangukia paa langu. Kampuni (siitaji) wakaniambia nisihangaike, wana mkandarasi wao. Akaja na bati za rangi ileile, vijana wakapiga kazi siku mbili, nikasaini kwamba nimeridhika. Mvua za masika zilipoanza maji yakawa yanashuka ukutani. Nikampandisha fundi wangu juu: paa langu lote ni geji 28, wao wameweka 32 ambayo ni nyembamba zaidi, na kofia ya juu ya paa wameipachika kwa misumari ya kawaida isiyo na mpira. Nikarudi ofisini kwao. Wakanionyesha saini yangu. Mkandarasi simu hapokei, kampuni wanasema nimalizane na mkandarasi. Nimeezeka upya kwa hela yangu, na mke wangu mpaka leo anaweka ndoo kwenye kona ile kwa kutoamini. Mdogo wangu, usisaini kitu kabla hujapewa kwa maandishi aina ya bati, geji na muda wa dhamana ya kazi.

Kisiwani_K
Asanteni, watoto wazima. Nyumba kuijenga leo ni kama milioni 120. Bima ni ya milioni 60, benki ndio waliikata waliponipa mkopo, hati yenyewe sijawahi kuishika. Tufani imo, mtathmini alikubali. Bati zina miaka sita.

BintiPwani
Basi 4.2 imepatikana hapo. Nyumba ya 120 imekatiwa 60, yaani nusu, kwa hiyo kila hasara wanalipa nusu. Nusu ya 9 ni 4.5, toa laki tatu ambayo bila shaka ndiyo kiasi unachobeba mwenyewe. Hawajakuibia, lakini walipaswa kukueleza. Sasa waulize: ukimchukua fundi wao, ile nusu nyingine anailipa nani? Nina hakika watakudai wewe. Na kama benki imetajwa kwenye hati, hundi inaweza kwenda benki, isifike kwako kabisa. Kaombe nakala ya hati kesho asubuhi.

Geji28
Mzee wa Tabata, tatizo lako halikuwa geji. Kimbunga Hidaya kilipopita Mei 2024 tuliona paa zinang'oka na papi zake, yaani mbao zinazopigiliwa bati, bati bado zimeshikamana. Kenchi, zile mbao zinazobeba paa, isipofungwa kwa nondo kwenye lenta ya zege juu ya ukuta, hata uweke geji 26 itaruka.

Mzee wa Tabata
Yangu haikuruka, ilivuja. Soma vizuri.

FundiMbagala
Wote mko sahihi. Ila bati za msauzi kwa skrubu ndiyo mpango mzima kwa nyumba za karibu na bahari.

Geji28
Karibu na bahari ni vigae. Chumvi inakula skrubu.

Mama Wawili
Jamani turudi kwa mwenye shida. Kaka, umefunika turubai? Maji yakiendelea kuharibu wakati umekaa tu, watasema hasara hiyo ni uzembe wako. Piga picha kwanza, halafu funika, na risiti ya turubai uitunze, uiambatanishe. Fomu ile ukiisaini umekubali kwamba yamekwisha, kurudi nyuma ni vita. Waandikie barua kupinga, ukiona hawaeleweki nenda kwa Msuluhishi wa Migogoro ya Bima, huduma ni bure.

Kisiwani_K
Turubai lipo tangu siku ileile, risiti sina. Benki nimepiga, wananiambia nipeleke barua. Fundi naye anasema nisipomlipa kianzio kesho anahamia Kibada.

FundiMbagala
Mwache aende. Ni-PM.

Mwanabagamoyo
Samahani kuingilia. Nyumba ya makuti kuna kampuni inakubali?

BintiPwani
Zipo, ila ada yake iko juu kwa sababu ya moto. Ukuta ni wa tofali au udongo? Na jiko liko ndani au nje?