Tupeane uzoefu: Ulipoambiwa kuna hatari, ulimuuliza nani kwanza?

Wakuu, habari zenu. Usiku mmoja niliamshwa na ujumbe wa simu: mto umejaa, hameni sasa hivi. Umetoka kwa wahusika wenyewe na unaeleweka. Nikatoka nje kuangalia kama kwa jirani taa zinawaka. Nikamkuta kasimama mlangoni, anaangalia kwangu. Tukabaki hivyo, huyu anamtegea yule, mpaka maji yakatufika vifundoni. Tulitoka salama, ila vyeti vya wanangu vilibaki ndani. Watafiti wa majanga wanalijua hili: onyo la kwanza haliwaondoi watu wengi, kwanza wanahakikisha kwa wenzao. Nanyi habari iliwafikiaje, na nini kiliwafanya muiamini?

Mchangiaji wa kwanza:
Pole sana mkuu. Kwangu ilikuwa maji ya bomba. Kwenye kundi la mtaa ikaja sauti: "Maji yana sumu, chemsheni." Aliyeituma namheshimu, kwa hiyo nikachemsha wiki nzima na kuwapa watoto. Siku moja binti yangu kashika kikombe, akaniuliza, "Mama, sumu gani?" Sikuwa na jibu. Nikaenda kwa wanaopima maji. Dada wa maabara akanifungulia karatasi ya vipimo, akaweka kidole kwenye mstari mmoja: madini ya risasi, yanatoka kwenye mabomba ya zamani. Kuchemsha kunaua vijidudu. Risasi haitoki, na maji yakipungua kwa mvuke yanayobaki yanakuwa nayo kwa wingi zaidi. Niliumia mno. Siku hizi sisambazi habari ya hatari kabla sijajua ni hatari gani hasa na kinachoizuia ni nini.

Mchangiaji wa pili:
Mimi ni kiongozi wa mtaa, watu wananifuata mimi kabla ya ofisi yoyote. Zamani nilikuwa nawaambia tu "msiwe na hofu". Nikaja kugundua wakitoka kwangu wanakwenda kusikiliza uvumi, maana uvumi angalau unawapa maelezo. Sasa nisilolijua nasema silijui, na nataja saa nitakayorudi na jibu. Nikichelewa, napita kuwaambia nimechelewa.

Mchangiaji wa tatu:
Wakati wa korona nilisoma mpaka saa nane usiku. Hofu ilizidi, la kufanya silioni. Nilipona siku niliyomuuliza muuguzi swali moja tu: mzee wangu ana kisukari, nianzie wapi?

Mwanzisha uzi:
Asanteni. Niongeze kisa cha Simeulue, kisiwa cha Indonesia. Mwaka 1907 tsunami iliua watu wengi huko, na wazee wakawaachia watoto neno moja, smong: ardhi ikitikisika sana, bahari ikarudi nyuma, kimbilia mlimani. Tsunami ilipokuja tena Disemba 2004, kisiwa kilikuwa na watu zaidi ya 70,000, na wanaotajwa kufa kwa mawimbi ni 7. Swali la "tuondoke au tusiondoke" lilishajibiwa na babu zao. Mimi na jirani tumekubaliana: atakayepata onyo kwanza anamgongea mwenzake, tunaondoka wote. Vyeti viko kwenye begi mlangoni.

Dada wa maji, mabomba yalibadilishwa?

Mchangiaji wa kwanza:
Ya barabarani ndiyo. Ya ndani ya nyumba ni juu yetu, na fundi hajamaliza. Watoto bado nawachotea kwingine mpaka vipimo vipya vitoke.