Pampu ya joto ya maji: kuyeyusha jalidi kwa saa, kwa sensa au kwa feni, na hita ya akiba ifanye kazi wakati gani?

Mwenye Vyumba (Ngaramtoni)
Ndugu zangu, habari za jioni. Nina nyumba ya wageni ya vyumba 8 juu kidogo ya Ngaramtoni, upande wa mlima Meru. Maji ya kuogea yanapashwa na pampu ya joto, yaani mashine inayofyonza joto la hewa kwa koili ya mabomba iliyo nje na kulipeleka kwenye maji; ina tenki la lita 500 na hita ya akiba ya kilowati 3. Mwezi huu wa Julai, kipimajoto nilichokining'iniza kwenye mparachichi kimekuwa kikisoma nyuzi 8 saa 11 alfajiri, na siku mbili kilifika 6. Saa hizo koili ya nje huwa nyeupe kwa jalidi, ile barafu nyembamba, kama ukuta uliopakwa chokaa, kisha mashine hubadili sauti na kufuka mvuke, nami nanunua uniti za LUKU kama anayejaza maji kwenye pakacha. Fundi mmoja ananishauri niondoe bodi ya kuongozea mashine, inayoyeyusha jalidi kila baada ya dakika 60, niweke inayofuata sensa. Mwingine anasema nizime pampu miezi ya baridi nitumie hita peke yake. Naomba ulinganisho kutoka kwa wenye uzoefu.

Mama wa Shanty Town (Moshi)
Pole na baridi, ndugu yangu. Huku Moshi mjini tuko chini sana kuliko ninyi, na kwa miaka yote niliyotumia pampu sijaiona jalidi hata siku moja. Mashine yangu haina hata valvu ya kugeuza mzunguko wa gesi, ile inayorudisha joto la tenki kwenye koili ili jalidi iyeyuke. Kwa wa huku, bodi ya sensa ni fedha ya bure. Ila nikuulize: wageni wako huoga saa ngapi, na pampu yako hufanya kazi saa ngapi?

Fundi wa Ubaridi (Sakina)
Kabla ya kununua bodi yoyote, tazama jalidi hiyo imekaaje. Koili huwa baridi kuliko hewa kwa nyuzi 5 hadi 10, kwa hiyo hewa ikiwa nyuzi 6 na ukungu umetanda, weupe uliosambaa sawasawa juu hadi chini ni hali ya kawaida. Ukiona weupe kwenye mabomba machache tu karibu na mahali gesi inapoingilia, huku sehemu nyingine ikiwa kavu, shuku gesi imepungua. Na ukiona barafu mchana, hewa ikiwa nyuzi 15, basi koili imeziba au feni haivuti vizuri. Mwezi uliopita nilisafisha koili moja iliyojaa pumba za mahindi kutoka mashine ya kusaga ya jirani. Mwenyewe alikuwa ameshaagiza bodi.

Sasa ulinganisho. Bodi ya saa huangalia tu kwamba muda umetimia na koili iko chini ya nyuzi 0, ikishaona hivyo huyeyusha hata kama jalidi ni nyembamba kama karatasi. Bodi ya sensa hulinganisha joto la koili na la hewa, na tofauti ikizidi ile ya koili safi ndipo huyeyusha. Ya pili ni bora bila ubishi, lakini faida yake kubwa iko kwenye nchi ambazo hewa hukaa karibu na nyuzi 0 kwa miezi. Kwako wewe, ambaye hewa haishuki chini ya nyuzi 6, ipo njia ya tatu: kompresa isimame, feni iendelee kuzunguka, na hewa yenyewe iyeyushe jalidi. Huchukua muda mrefu kidogo, lakini haichoti joto kwenye tenki.

Mhasibu (Njiro)
Naunga mkono, ila naona wote mnaangalia koili na kumsahau mwizi. Tuseme jalidi ni kilo 2. Kuiyeyusha kwa kugeuza mzunguko kunahitaji takriban uniti 0.2 za joto, na tenki la lita 500 litapoa kwa theluthi moja tu ya nyuzi. Hilo haliwezi kumaliza LUKU ya mtu. Kupasha tenki zima kutoka nyuzi 17 hadi 55, kwa upande mwingine, kunahitaji uniti 22 za joto: hita itazilipia zote 22, wakati pampu inayotoa joto mara 3 ya umeme wake italipia 7 na kitu. Mwenye Vyumba, je, hita yako huwaka kila pampu inapoyeyusha? Bodi nyingi zimepangwa hivyo kiwandani, kwa ajili ya nyumba zinazopashwa joto moja kwa moja, ili watu wasipuliziwe hewa baridi. Kwenye tenki haina maana yoyote.

Fundi wa Ubaridi (Sakina)
Mhasibu amenena. Angalia pia thamostati: hita ikiwekwa nyuzi 55 sawa na pampu, itakimbilia kazi kabla ya pampu kupumua. Iweke 45.

Mhasibu (Njiro)
Hapo tutofautiane kidogo, mkuu. Iwekwe 45, sawa, lakini mara moja kwa wiki maji yafikishwe nyuzi 60, kwa sababu bakteria wa legionela hustawi kwenye maji ya vuguvugu.

Mwenye Vyumba (Ngaramtoni)
Nashukuruni sana. Mama, wageni huoga jioni wakitoka matembezini, na pampu ilikuwa ikianza saa 10 alfajiri kwa sababu fundi aliyeifunga aliipanga hivyo. Nimeihamishia saa 5 asubuhi hadi saa 10 jioni, jua likiwa limeshika, na nikazima sakiti breka ya hita kwa siku nne. Jalidi haijaonekana tena. Mita ilikuwa ikila uniti 19 kwa siku, sasa inakula 9, na mgeni mmoja tu alilalamika, naye alioga saa 6 usiku baada ya wenzake wote. Hita nimeirudisha kwa nyuzi 45. Bodi sinunui.

Mama wa Shanty Town (Moshi)
Na koili umeisafisha?

Mwenye Vyumba (Ngaramtoni)
Jumamosi, mama.