Tupeane uzoefu: fanksheni ya kugeuza umoja kuwa wingi ilikufikisha wapi?

Semikoloni
Wakuu, jana nimefuta mistari 140 ya msimbo niliokuwa nautambia. Fanksheni moja tu: unaipa neno na idadi, inakurudishia umoja au wingi. Ilianza na mstari mmoja, ki- iwe vi-. Kitabu, vitabu. Kiti, viti. Nikajisemea, kumbe Kiswahili kimenyooka hivi! Baada ya wiki mteja akanitumia picha ya skrini: "vilo 5", "vilomita 12". Nikaweka orodha ya maneno yasiyoguswa. Ikaja m-: mtu ni watu, mti ni miti, na hakuna herufi inayokuambia kipi kina roho. Ikaja u-: ukuta kuta, uso nyuso, ulimi ndimi. Orodha ikanenepa hadi ikawa kamusi. Nyie yaliwakuta yapi?

Vidole Kumi
Mie kamusi niliimaliza, nikaangukia kwenye kitenzi. Programu ilikuwa inafuta faili halafu inaunga vipande: neno, idadi, kisha "imefutwa". Faili 1 imefutwa, safi. Faili 7 imefutwa... Neno faili halibadiliki, kinachobadilika ni kitenzi. Yaani fanksheni ilimhangaikia asiyeumwa, na mgonjwa hakupita kwake kabisa.

Nikaongeza kigezo cha ngeli. Ki- ikapewa ki/vi, nikalala usingizi. Asubuhi skrini inasema "viongozi 3 vimeongezwa", na mmoja wa hao watatu kanipigia simu kuuliza nani kamwambia yeye ni kiti. Siku hizi naandika sentensi mbili nzima, ya umoja na ya wingi, programu inachagua. Inachosha, ila simu zimekoma.

Semikoloni
Hapo kwenye kiti nimecheka peke yangu kama chizi.

Mti Mkavu
Yangu ni ya Rails, mfumo wa kutengenezea programu za wavuti. Ile hutafuta jina la jedwali la hifadhidata kwa kutia jina la klasi (aina ya kitu kwenye msimbo) kwenye wingi wa Kiingereza, na inajua hadi person kuwa people. Sisi tukaita klasi zetu Mtumiaji na Kitabu. Ikaenda kutafuta jedwali la mtumiajis. Kitabu ikawa kitabus, na tulipoirudisha kwenye umoja ikagoma kuiachia ile s, kwa sababu ina kanuni ya neno bus na imeliona mkiani! Nusu siku nzima tunakodolea macho hifadhidata isiyo na kosa lolote. Dawa ilikuwa kuisajilia kitabu/vitabu kama neno lisilofuata kanuni, kisha kila neno jipya vivyo hivyo. Tulichoka, majina ya klasi yakarudi Kiingereza.

Dada wa Mabano
Kwangu Kiswahili hakikunisumbua, Kirusi ndicho. Niliandika "kama n ni 1, umoja, vinginevyo wingi", nikadhani dunia nzima inahesabu hivyo. Kirusi 21 huenda na 1, lakini 11 haiendi nayo, na 2 hadi 4 wana umbo lao. Kifaransa nacho huweka 0 upande wa umoja. Ndipo nikazijua kanuni za wingi za CLDR, hazina ya data za lugha ya Unicode (wale wa viwango vya maandishi ya kompyuta): makundi 6 kwa jumla. Kiarabu kinayatumia yote, Kiswahili mawili, Kijapani moja. Kwenye JavaScript, lugha ya programu za wavuti, zimo tayari kwa jina la Intl.PluralRules. Ila usitarajie ikupe neno. Inakwambia tu idadi hii iko kundi gani, sentensi utaandika mwenyewe. Kama anavyofanya Vidole Kumi.

Mgeni wa Jana
Mimi kosa langu dogo: nilitafsiri maneno nikasahau mpangilio. Programu nzima ilisema "3 vitabu".

Semikoloni
Na sifuri mnaifanyaje? "Faili 0 zimefutwa" inasomeka kama kejeli.

Vidole Kumi
Nina sentensi ya tatu: "Hakuna faili iliyofutwa."

Semikoloni
Hiyo naiiba.