Nikimsaidia mtu, mbishi anageuza ugomvi

Fundi wa Majengo, Dodoma:
Wakuu, jana kijana wa Kondoa aliuliza mbona simu yake haichaji. Nikamwambia aanze kupima betri kwa mita ya volti. Ikiwa chini ya volti 3, imelala, yaani chaji imeisha kabisa. Mzee mmoja akanirukia: "Wewe fundi wa juzi tu!" Tukabishana hadi usiku, kijana akanyamaza. Imeniuma sana. Nifanyeje?

Mama Spea, Nkuhungu:
Muulize huyo mzee amepima wapi, kapata volti ngapi. Asipotaja namba achana naye, rudi kwa kijana.

Fundi Redio, Mpwapwa:
Pole mdogo wangu. Ila mbishi kama huyo aliwahi kuniokoa: nilishupalia betri, kumbe tundu la chaji limejaa vumbi (hili letu la kiangazi). Akitukana, chuja, bakiza la ufundi.

Fundi wa Majengo:
Asante kaka. Kijana kapima, volti 3.7. Sasa asafishe tundu.