Semina za Wikipedia zinatufukuzia wahariri wapya, na waandaaji wanajali picha ya pamoja tu

Wakuu, salamu kwenu.

Nimevumilia, nimeshindwa. Jumamosi iliyopita kulikuwa na semina nyingine ya kuwafundisha vijana kuhariri Wikipedia ya Kiswahili, kwenye ukumbi mmoja hapa Tanga mjini. Mimi nahariri kwa kujitolea miaka mingi sasa, nikaitwa nikasaidie kwenye meza za washiriki. Nilitoka pale na hasira ambayo mpaka leo haijaisha. Waandaaji siwataji. Wanajijua, na tuko nao kwenye magrupu yaleyale ya WhatsApp. Lakini mjue vijana wenu wanafanyiwa nini wakienda kwenye vitu hivi.

Naanzia mlangoni. Wikipedia inaruhusu akaunti 6 tu zifunguliwe kwa siku kutoka kwenye anwani moja ya IP, yaani namba ya intaneti mnayotumia, na Wi-Fi moja kwa kawaida ni anwani moja. Hii si siri, imeandikwa, na dawa yake inajulikana: unaomba mapema kikomo kiondolewe kwa siku ya semina, au unawaambia washiriki wafungue akaunti jana yake wakiwa kwao na bando zao. Waandaaji hawa wameshafanya semina kibao. Ukumbi umejaa, watu wote wako kwenye Wi-Fi moja, wa saba akagonga mwamba. Jibu alilopewa? "Tumia akaunti ya jirani yako." Jamani! Akaunti ya Wikipedia ni ya mtu mmoja. Kila unachohifadhi kinabaki na jina lako kwenye historia ya ukurasa, leo na miaka 20 ijayo. Ukiwaweka watu watatu kwenye jina moja, mmoja akiharibu, wote watatu wamechafuka kabla hawajajua hata kitufe cha Hariri kiko wapi.

Wengine wakaamua kuwasha data zao. Hapo wakakutana na ujumbe kwamba wamezuiwa kuhariri, kwa sababu simu zao zina VPN, programu ya kuficha anwani yako ya kweli, inayowaka muda wote, na Wikipedia huzuia anwani za VPN kwa kuwa waharibifu wanajificha humo. Binti mmoja alinigeuzia simu huku anatetemeka: "Mwalimu, nimefanya kosa gani?" Hajaandika hata neno moja! Ilikuwa ni kuzima VPN tu. Sentensi hiyo moja ingesemwa asubuhi kwenye kipaza sauti, lakini asubuhi kipaza sauti kilikuwa na mgeni rasmi.

Sasa twende kwenye uchafu wenyewe. Washiriki waligawiwa orodha ya makala za kuandika. Waigizaji wa Marekani, wachezaji wa ligi za Ulaya, miji ya nchi ambazo hakuna mtu mle ndani aliyewahi kuzikanyaga. Na katikati ya orodha, bila aibu, jina la kampuni ya mdhamini na jina la mkurugenzi wake. Yaani vijana wanaambiwa wanajitolea kwa ajili ya maarifa, kumbe wanamwandikia mtu wasifu wa biashara bila kujua. Masharti ya matumizi ya Wikipedia tangu 2014 yanataka mtu anayelipwa kuhariri atangaze nani anamlipa. Chakula, nauli na simu ya zawadi vikitoka kwa mdhamini, na makala inamhusu mdhamini, hiyo unaiitaje? Niliwauliza waandaaji pembeni. Nikaambiwa nisiwavunje moyo vijana.

Na kazi ikageuzwa mashindano: atakayekuwa na makala nyingi ifikapo saa kumi anaondoka na simu mpya. Njia waliyofundishwa ni kufungua makala ya Kiingereza, kuipitisha kwenye mashine ya kutafsiri, kubandika, kuhifadhi, kwenda nyingine. Nilikaa na kijana mmoja, mchangamfu, mwenye akili sana. Alikuwa anamalizia makala ya mchezaji mmoja wa mpira, chini ina safu ndefu ya tanbihi, zile namba zinazoonyesha vyanzo. Nikamwambia bonyeza namba 3. Ukurasa haupo. Bonyeza namba 5. Gazeti la Kihispania. Nikamuuliza kama anasoma Kihispania. Akanitazama kwa mshangao wa kweli: "Tumeambiwa vyanzo vinakuja vyenyewe ukitafsiri."

Vinakuja vyenyewe! Mtu anaondoka kwenye semina ya Wikipedia akiamini kwamba chanzo ni pambo linaloota chini ya ukurasa. Tanbihi maana yake mimi niliyeandika sentensi hii nimesoma mahali fulani, nawe nenda ukasome uhakikishe. Ukitoa hilo, Wikipedia inabaki kuwa ukuta ambao kila mpita njia anaandika lake. Kama kuna kitu kimoja cha kumfundisha mgeni kwa siku nzima, ni hicho. Mengine yote, namna ya kuweka jamii (kundi la mada), kuweka picha, kuweka kigezo cha mbegu (alama ya makala fupi isiyokamilika), atajifunza kwa kuchungulia makala za wenzake.

Msije mkaniambia nakuza mambo. Agosti 2020 dunia iligundua kwamba maelfu kwa maelfu ya makala za Wikipedia ya Kiskoti yaliandikwa na kijana wa Kimarekani ambaye lugha yenyewe haijui. Alianza akiwa mtoto, kwa nia njema kabisa, na hakuna aliyemshika mkono miaka yote hiyo. Mwaka 2025 ikapitishwa Wikipedia ya Kigreenland ifungwe, na aliyeomba ifungwe ni mhariri wake mwenyewe, kwa sababu ilijaa maandishi ya mashine kutoka kwa watu wasioijua lugha. Halafu mashine za kutafsiri zenyewe zinajifunza kutokana na Wikipedia. Unamwaga humo Kiswahili kibovu cha mashine, mashine inakinywa, kesho inakurudishia kibovu zaidi. Sisi tulipata onyo letu zamani: mwishoni mwa 2009 na mwanzoni mwa 2010 Google waliendesha shindano la kuandika makala za Kiswahili kwa wanafunzi wa vyuo vya Kenya na Tanzania, kwa zawadi. Makala ziliongezeka kwa mamia. Zawadi zilipokwisha, washiriki wengi hawakuonekana tena, na zile makala zilibaki kwa wahariri wachache wa kudumu wazirekebishe. Wikipedia ya Kiswahili ipo tangu 2003 na bado hatujakubali kwamba mashindano ya idadi hayazai wahariri.

Kilichoniumiza zaidi ni yule binti wa VPN. Baada ya kupata akaunti aliniambia hataki orodha. Anataka kuandika kuhusu taarabu ya Tanga, vikundi vya Black Star na Lucky Star, kwa sababu bibi yake alikuwa haachi kusimulia. Wakuu, hapo ndipo mhariri anapozaliwa! Mtu ana jambo lake, anajua nani wa kumuuliza, yuko kwenye mji wenyewe. Shakila aliimba na Black Star hapahapa. Watafiti wa muziki wameandika vitabu na makala za majarida kuhusu taarabu ya pwani, na vikundi vya Tanga vimo. Magazeti ya zamani yapo kwenye maktaba. Nikaanza kumweleza kwamba simulizi za bibi ni mwanga wa kumwonyesha pa kutafuta, lakini haziwekwi kama chanzo, hivyo tutafute kitabu kwanza, halafu tuone kama kuna makala tayari tuipanue badala ya kuanza upya. Anaandika kwenye daftari, macho yanawaka.

Mratibu akaja akamwambia muda unaisha na mada yake haimo kwenye orodha, haitahesabiwa. Akamfungulia makala ya mwigizaji. Binti akafunga daftari.

Jumatatu nikaangalia. Makala yake ya mwigizaji imefutwa. Na mkabidhi (msimamizi wa Wikipedia mwenye uwezo wa kufuta kurasa) aliyeifuta simlaumu hata kidogo, ningekuwa yeye ningeifuta pia: ilikuwa tafsiri ya mashine tupu. Wakabidhi wa Wikipedia ya Kiswahili ni wachache, hawalipwi, wana kazi zao na familia zao, halafu Jumamosi jioni wanafungua Mabadiliko ya karibuni, ukurasa unaoorodhesha kila kilichohaririwa, wanakuta takataka zimemwagwa kutoka ukumbi mmoja. Hakuna aliyewaarifu kwamba kuna semina. Nikamtumia binti ujumbe. Jibu lake: "Nimeelewa mwalimu, haya mambo ni ya waliosoma." Binti wa chuo, anayeandika Kiswahili safi kuliko wengi wetu humu!

Hakuna aliyemwambia kwamba ukurasa uliofutwa haupotei, mkabidhi anaweza kuurudisha au kumwekea maandishi yake kwenye ukurasa wake wa mtumiaji ayafanyie kazi. Hakuna aliyemwonyesha kwamba kila makala ina ukurasa wa majadiliano, unaandika swali lako, unaweka ~~~~ mwishoni, jina lako na saa vinajiandika, na mtu atakujibu. Semina nzima, kuanzia chai ya asubuhi mpaka picha ya pamoja, kichupo cha Majadiliano hakikufunguliwa hata mara moja kwenye skrini kubwa. Wamefundishwa kurusha makala, hawakufundishwa kwamba upande wa pili kuna watu.

Sasa mtaniuliza, wewe ungefanyaje? Nitasema, kwa sababu nimewaanzisha watu kadhaa mezani kwangu kwa njia hii na baadhi wapo mpaka leo.

Mgeni asianze na makala mpya. Afungue makala ya kata yake. Wikipedia ya Kiswahili ina makala za kata za Tanzania kwa wingi, na nyingi ni mbegu: mistari miwili, jina la wilaya, postikodi, na "kwa mujibu wa sensa" kata ilikuwa na wakazi wapatao kadhaa. Zipo ambazo bado zimekwama kwenye sensa ya 2012, wakati tulihesabiwa tena Agosti 2022, na Ofisi ya Taifa ya Takwimu imetoa idadi mpaka ngazi ya kata. Kijana wa Makorora anafungua Makorora. Wa Pongwe anafungua Pongwe. Anatafuta kata yake kwenye ripoti ya sensa, anaandika tarakimu, anaweka tanbihi ya ripoti, na kwenye kisanduku cha muhtasari anaandika "nimeweka idadi ya sensa ya 2022". Anahifadhi. Hakuna mkabidhi duniani atakayefuta hiyo, kwa sababu ni kweli na ina chanzo. Kesho akirudi anaikuta. Mtu akikuta maandishi yake yapo, ana jina lake kwenye historia ya ukurasa wa mtaani kwao, huyo anarudi keshokutwa bila kuahidiwa fulana.

Baada ya hapo apige picha. Soko, stendi, jengo la zamani la Wajerumani, kwa simu yake mwenyewe, aipandishe kwenye Wikimedia Commons, ghala la picha zinazotumiwa na Wikipedia, kwa leseni huru, yaani ruhusa ya mtu yeyote kuitumia. Picha uliyopiga wewe ni yako kuitoa. Picha uliyoiokota Facebook si yako, na itaondolewa. Dakika 2 za maelezo, na kwenye semina ile hazikupatikana, ndiyo maana kuna watu walipandisha nembo na picha za mitandaoni wakadhani wamefanya kazi.

Halafu kuna huu uongo wa kwamba chanzo lazima kiwe kwenye intaneti na lazima kiwe cha Kiingereza. Nimeusikia ukisemwa mbele ya watu Jumamosi na nilishindwa kukaa. Kitabu cha karatasi ni chanzo. Gazeti la Kiswahili lililochapishwa ni chanzo, unaandika jina la gazeti, tarehe na ukurasa. Kanuni inataka chanzo kinachoaminika ambacho mtu mwingine anaweza kukipata akihakiki, haikusema kiwe na kiungo cha kubonyeza. Ukimwambia kijana wa Tanga kwamba kisicho mtandaoni hakihesabiki, umemwambia kwamba karibu yote anayoyajua kuhusu kwao hayana nafasi. Taarabu ya bibi yake haina nafasi, ila mwigizaji wa Marekani ana nafasi. Huu ni uharibifu na unafanywa kwa fedha za kukuza Kiswahili.

Najua watakuja kusema sisi wa zamani tuna wivu, tunabania wageni. Mimi nataka wageni kuliko hao waandaaji, kwa sababu mimi ndiye nabaki nao Jumatatu.

Kwa hiyo nawaambia waandaaji hadharani, maana faragha nimeshawaambia hamkusikia. Semina ijayo mada za wadhamini zitoke kwenye orodha. Zawadi ya idadi ya makala ife. Wakabidhi waarifiwe wiki moja kabla, na suala la akaunti limalizwe kabla watu hawajaingia ukumbini. Na kwenye ripoti mnayompelekea mfadhili, pamoja na idadi ya makala mlizoandikisha siku hiyo, wekeni idadi ya makala zilizofutwa, na idadi ya washiriki waliohariri tena baada ya miezi mitatu. Hizo namba zote zinaonekana kwenye historia, hamwezi kusema hamzipati. Mkikataa kuziweka nitazihesabu mwenyewe nizibandike hapahapa.

Na wewe uliyewahi kuhudhuria semina kama hii, ukafutiwa, ukaacha: weka hapa chini jina la makala na la kata yako. Makala iliyofutwa tutamwomba mkabidhi aiangalie kama kuna cha kuokoa. Kata tutaanza nayo pamoja usiku huu, nina ripoti ya sensa kwenye kompyuta.