Maji yanameza spektra ya seli hai. Nifanyeje?

seli_ksm (Kisumu): Wataalamu, hamjambo. Nina FTIR (kipimaspektra cha mwanga wa infraredi) yenye hadubini, taa ya globa, yaani fimbo ya moto itoayo infraredi, na kigunduzi cha MCT cha kupokea mwanga huo. Nataka kupima chembe nyekundu za damu moja moja zikiwa hai ndani ya bufa, yaani maji ya chumvi yanayozitunza. Nimezifunga kati ya vidirisha vya kalsiamu floraidi kwa spesa (kitenganishi chembamba) ya mikromita 25. Penye amaidi I, mkanda mkuu wa protini, napata kelele tupu, na nikiondoa spektra ya bufa kwa programu mstari unakuwa kama msumeno. Shida ni mashine au maandalizi?

FundiSpektra (Nakuru): Mashine ni nzima. Mkanda wa maji, yaani eneo la spektra ambapo maji humeza mwanga, uko 1645 cm⁻¹ (mawimbi kwa sentimita), umeikalia amaidi I. Kwa mikromita 25 absobansi (kipimo cha mwanga unaomezwa) ya maji hapo hukaribia 3, yaani mwanga unaopita ni sehemu 1 kwa 1000. Programu haiwezi kurudisha mwanga ambao haukufika kwenye kigunduzi. Tumia spesa ya mikromita 6 hadi 8.

Hapo vumbi ndilo adui, chembe moja tu huinua kidirisha. Kaza skrubu kwa zamu, za mkabala, kidogo kidogo. Kabla ya kutia seli, pima kifaa kikiwa kitupu. Utaona mawimbi kwenye spektra, gawa 5000 kwa umbali kati ya vilele viwili jirani kwa cm⁻¹, upate unene wa nafasi kwa mikromita. Umbali wa 625 ni mikromita 8. Ukipata 400 ni 12.5, fungua uoshe upya. Kidirisha cha milimita 25 kinatosheka na mikrolita 4 au 5. Ukiziba kingo kwa vaselini, isiingie ndani kabisa: mikanda yake ya 2850 na 2920 utaidhania mafuta ya seli.

Amaidi2: Naongeza kuhusu huo msumeno. Meno membamba kati ya 1400 na 1900 ni mvuke wa hewani, na hapo ziwani unyevu haukosi. Kila ukifungua jukwaa la sampuli, pitisha hewa kavu hadi meno yatulie ndipo upime. Bufa ya kulinganisha iwe ileile na joto lilelile, maana mkanda wa maji husogea joto likibadilika. Unapoiondoa kwa programu, tazama 2125, mkanda mwingine wa maji: punguza kizidishi, namba inayozidisha spektra ya bufa kabla ya kuondolewa, hadi eneo hilo liwe bapa. Kitakuwa chini ya 1, kwa kuwa seli imechukua nafasi ya maji. Usikilazimishe kufika 1.

FundiSpektra: Tena chembe nyekundu ina mikromita 7 hadi 8, na mwanga wa 1650 una urefu wa wimbi wa mikromita 6. Ukibana tundu la hadubini linalopitisha mwanga lilingane na chembe hiyo, globa inafifia na mwanga unapinda hadi kwenye bufa ya pembeni. Anza na seli kubwa za epithelia (za utando wa nje wa mwili), tundu la mikromita 20 kwa 20. Chembe nyekundu moja moja zinataka sinkrotroni, mtambo wa elektroni utoao mwanga mkali sana. Kituo cha SESAME kule Yordani kina mstari wa mwanga wa infraredi.

seli_ksm: Asanteni sana. Vidirisha vya bariamu floraidi je, si vinapitisha mwanga wa cm⁻¹ za chini zaidi?

Amaidi2: Vinapitisha, lakini huyeyuka zaidi majini na bariamu ni sumu kwa seli. Baki na kalsiamu, unene usizidi milimita 1, ukubali kwamba chini ya 1000 hivi huoni kitu.