Pesa yangu mwenyewe, kuitumia mpaka simu ikubali!

Wakuu, leo nimekuja na hasira na sitazunguka mbuyu. Anayetafuta maneno matamu apite kushoto.

Naomba mtu mwenye akili timamu anieleze ni lini tulikubaliana kwamba mtu mwenye pesa yake halali, aliyoitolea jasho, lazima kwanza aombe ruhusa kwa simu, simu iombe ruhusa kwa mtandao, mtandao uombe ruhusa kwa mtambo uliopo nchi asiyoijua, ndipo alipe. Hakuna aliyetupigisha kura. Sijawahi kumsikia mgombea akipanda jukwaani na kusema "nichagueni niwaondolee noti". Jambo lilikuja kimyakimya: huku dirisha la benki limefungwa, kule kibandiko cha "hatupokei pesa taslimu", na siku ukilalamika unaambiwa wewe ndiye mshamba uliyeachwa na wakati.

Chukua jambo la kawaida kabisa. Umesimama kaunta, nyuma yako foleni, watu wameshaanza kuguna. Unafungua programu ya benki. Inazunguka. Inataka namba ya siri, unaweka. Inataka kidole, kidole kina jasho, inakikataa. Inasema imekutumia msimbo kwa meseji. Meseji haiji. Unataka kubonyeza "tuma tena", kitufe kimefifia, subiri sekunde 60. Halafu misimbo miwili inaingia kwa mpigo, hujui upi ni upi. Unajaribu wa kwanza: "Msimbo umekwisha muda wake." Unajaribu wa pili: "Umekosea mara nyingi. Kwa usalama wako tumesitisha huduma kwa saa 24." Unapiga huduma kwa wateja, sauti iliyorekodiwa inakushukuru kwa uvumilivu wako, ikimaliza unapigiwa muziki, na muda wote huo salio lako ndilo linaloliwa.

Usalama wangu? Mwizi hajaguswa hapo hata unywele. Aliyezuiwa ni mwenye mali.

Kinachonichefua zaidi ni kwamba huo msimbo wa meseji wenyewe ni kinga hafifu. Tapeli akifanikiwa kuihamisha namba yako kwenye laini yake, misimbo yote inamwendea yeye, wewe unabaki na simu isiyo na mtandao ukidhani mnara umeharibika. Taasisi ya viwango ya Marekani, NIST, iliiweka njia hii kwenye kundi la zinazotakiwa kutumiwa kwa tahadhari tangu 2017. Na hao hao NIST ndio waliotoa mwongozo wa 2003 uliotuletea balaa la nywila zenye herufi kubwa, herufi ndogo, tarakimu na alama za ajabu, na kuzibadilisha kila mara. Aliyeuandika, Bill Burr, alishasema hadharani mwaka huo huo wa 2017 kwamba anajutia sehemu kubwa ya ushauri ule. Mwongozo mpya ukasema msiwalazimishe watu kubadilisha nywila kila baada ya muda bila sababu. Sasa fungua programu yako leo uone kama habari hizo zimewafikia. Wao bado wanakukumbusha kwamba nywila yako "imezeeka".

Tukija kwenye kuzeeka, hapa ndipo ninapopandwa na mori. Simu yangu inapiga, inapokea, inapiga picha, inakaa na chaji kutwa nzima. Haina tatizo lolote. Asubuhi moja naikuta programu ya benki imeandika: "Toleo la kifaa chako halikubaliki tena. Tafadhali tumia kifaa kipya." Yaani ili niifikie akiba yangu, inabidi nitoe akiba yangu, ninunue simu mpya ya kuifikia akiba yangu. Na kuitoa kwenyewe ndiko wanakokuzuia! Ukienda tawini, anayekupokea anakuelekeza, kwa tabasamu, kwamba huduma hiyo "siku hizi iko kwenye programu".

Msiniambie ni lazima kwa sababu za kiufundi. Zipo sababu za kiufundi, nazijua, simu isiyopata masasisho ya usalama ni hatari kweli. Swali ni nani aliyeamua masasisho yakome simu ikiwa bado nzima. Ni kampuni ile ile inayouza simu mpya. Mnakumbuka Desemba 2017 Apple walipokiri kwamba programu yao ilikuwa inapunguza kasi ya iPhone zenye betri zilizochoka, bila kumwambia mwenye simu? Mwaka 2020 wakakubali kulipa hadi dola milioni 500 kumaliza kesi Marekani. Wengine wangapi wanatusukuma taratibu kuelekea dukani, tofauti ikiwa tu hawajabanwa wakasema?

Hapa siasa inaingia, tena kwa mlango wa mbele. Kila taifa linajivunia sarafu yake. Ina nembo, ina sura ya kiongozi, ina saini ya gavana wa benki kuu, ukiichana au ukiichapa bandia unafungwa. Wanasiasa wakitaka kupigiwa makofi wanataja "uhuru wa kiuchumi". Lakini pesa hiyo hiyo ikiingia kwenye programu ya simu, kwa kawaida inapita kwenye mifumo miwili ya kuendeshea simu, Android na iOS, ya kampuni mbili za Marekani, Google na Apple. Hizo ndizo zinazoamua programu ya benki yako iwe dukani au isiwe, ifanye kazi kwenye simu hii na isifanye kwenye ile. Nembo ya taifa iko wapi hapo? Waziri wa fedha anaweza kuhutubia saa tatu kuhusu thamani ya sarafu, hawezi kuizuia kampuni moja isizifute simu za mamilioni ya wananchi wake kwenye orodha ya zinazotumika. Na hajali, maana yeye simu ananunuliwa.

Tena hao wanasiasa wakiamua kuigusa pesa wenyewe ndipo utakapotamani bora kampuni. India, tarehe 8 Novemba 2016, saa mbili usiku, waziri mkuu Narendra Modi akatokea kwenye televisheni akatangaza kwamba noti za rupia 500 na 1,000 zinakoma usiku huo huo. Zilikuwa takriban asilimia 86 ya thamani ya pesa taslimu zote kwenye mzunguko. Lengo wakasema ni kukamata pesa chafu. Kilichofuata ni maskini kusimama foleni wiki kadhaa, wenye vibarua kukosa malipo, halafu benki kuu yao ikaja kuhesabu ikakuta zaidi ya asilimia 99 ya noti zile zimerudi benki. Pesa chafu iliyoungua iko wapi? Noti mpya ya rupia 2,000 iliyoletwa kuziba pengo nayo wakaanza kuiondoa 2023. Mchezo wa kuigiza, gharama kwa mwananchi.

Nigeria nao wakabadilisha sura ya noti za naira wiki chache kabla ya uchaguzi wa Februari 2023. Za zamani zikakusanywa, mpya hazikutosha, watu wakawa wanalipa naira ili wapewe naira. Mkajaribu kutuma kwa simu? Mifumo ya benki ikaelemewa, miamala ikakwama hewani. Mpaka Mahakama ya Juu ikaingilia tarehe 3 Machi na kusema noti za zamani ziendelee kutumika hadi mwisho wa mwaka. Kumbe "mtandao upo" na "mtandao unabeba watu wote kwa pamoja" ni mambo mawili.

Na msidhani ni matatizo ya nchi fulani fulani tu. Canada, Februari 2022, serikali ilitumia sheria ya dharura dhidi ya maandamano ya madereva wa malori, benki zikafunga akaunti za baadhi yao bila amri ya mahakama. Mimi sikuwaunga mkono madereva wale, na hilo halibadilishi kitu. Januari 2024 mahakama ya shirikisho ikasema kutangazwa kwa dharura ile hakukuwa na msingi. Sawa, lakini wakati ule akaunti ilipofungwa mtu alikuwa anakula nini? Kitufe kikishakuwepo, hakiulizi chama gani kiko madarakani. Leo kinabonyezwa kwa usiyempenda, kesho serikali inabadilika.

Najua kuna mtu ameshaanza kuandika "Zimbabwe", kunionyesha kwamba noti nazo hugeuka takataka. Haya, twende. Ni kweli Zimbabwe walifika kuchapa noti ya dola trilioni 100 mwaka 2009 na haikununua kitu cha maana. Lile lilikuwa kosa la watawala kuchapa pesa bila uzalishaji, na hakuna programu ya simu inayotibu tabia hiyo. Ukiwa na trilioni mia kwenye skrini bado huna kitu. Tena kidijitali hata karatasi ya kuchapia hawahitaji kuagiza.

Wa bitcoin, ile sarafu ya mtandaoni isiyo na benki kuu, nao nawaona. El Salvador walijaribu, Septemba 2021, Rais Bukele akaifanya sarafu halali, kila atakayejiunga na programu ya serikali akapewa ya dola 30. Wengi walichukua zile 30 wakaondoka zao, na Januari 2025 sheria ikarekebishwa, mfanyabiashara hashurutishwi tena kuipokea, hiyo ikiwa baada ya makubaliano ya mkopo na IMF, Shirika la Fedha la Kimataifa. Tuendelee.

Kuna hoja moja tu ya upande wa pili ninayoiheshimu. Pesa kwa simu imewafikia watu ambao benki ziliwapuuza miaka yote. M-Pesa ilipoanza Kenya 2007 ilimwezesha mtu asiye na akaunti kutuma pesa mbali bila kumpa dereva wa basi bahasha. Siikatai. Lakini kumbukeni ilianza vipi: simu ya batani, menyu ya namba, bila intaneti, na wakala wa kukubadilishia iwe noti papo hapo. Noti na simu zilikuwa zinasaidiana. Leo wanataka simu kubwa, bando, toleo jipya, uso wako, kidole chako, mahali ulipo, na orodha ya majina kwenye simu yako. Majina ya ndugu zangu benki inayatakia nini?

Halafu umeme ukatike. Aprili 28, 2025 Uhispania na Ureno zilizima karibu zote mchana kweupe. Mashine za kadi kimya, ATM kimya. Aliyekuwa na noti mfukoni alinunua maji na betri za redio, aliyekuwa na simu ya gharama aliitumia kama tochi mpaka ikazima. Mwaka uliotangulia, Julai 19, sasisho moja bovu la CrowdStrike, kampuni ya ulinzi wa kompyuta, liliangusha kompyuta zipatazo milioni 8.5 duniani, ndege zikalala, hospitali na benki zikahaha. Hakukuwa na mdukuzi wala vita. Ni faili moja limekosewa.

Na hawa wakubwa wanajua. Sweden, nchi iliyoipa Ulaya noti zake za kwanza mwaka 1661, ndiyo iliyokuwa mfano wa kila mhubiri wa "dunia bila pesa taslimu". Novemba 2024 serikali yao hiyo hiyo ikasambaza kijitabu nyumba kwa nyumba cha kujiandaa na vita au majanga, na ndani yake wananchi wanashauriwa wawe na pesa taslimu nyumbani. Sisi tunaendelea kuhubiriwa mahubiri ambayo wahubiri wenyewe wameshayaacha.

Kwa hiyo ninachotaka si kurudi nyuma. Programu zibaki, anayezipenda azitumie. Nataka noti inayoitwa "fedha halali" ipokelewe kweli, kwa sheria yenye meno. Wengi hawajui kwamba neno hilo halina nguvu wanayoidhani. Marekani, kwa mfano, benki kuu yenyewe inaeleza kwamba hakuna sheria ya shirikisho inayomlazimisha mwenye duka kupokea noti. Lakini inawezekana: Slovakia waliingiza haki ya kulipa kwa pesa taslimu kwenye katiba yao 2023, na Norway waliikaza sheria yao kuanzia Oktoba 2024. Hakuna aliyerudi enzi za mawe huko.

La pili, mfumo ukilala, benki ilipe. Singapore, Novemba 2023, msimamizi wa fedha aliizuia benki ya DBS kwa miezi sita isifanye mabadiliko ya mifumo yasiyo ya lazima wala kuanzisha biashara mpya, mpaka itengeneze huduma iliyokuwa inakatikakatika. Uingereza 2022 benki ya TSB ilipigwa faini ya zaidi ya pauni milioni 48 kwa vurugu za kuhamisha mfumo mwaka 2018. Sasa mimi nataka zaidi ya hapo. Mteja akichelewa kulipa mkopo siku moja anakatwa palepale, bila kuulizwa kama mtandao ulikuwepo. Basi na wao mfumo wao ukilala saa moja, wakatwe palepale, na pesa hiyo iingie kwenye akaunti za wateja waliokwama, si kwenye mfuko wa serikali. Bila fomu, bila msimbo.

Wafanyakazi wa benki mliomo humu, msije inbox. Jibuni hapa hapa.